Somo la Kumeza Kikohozi

Siku hizi watu wa mtaa wetu wakikumbuka miezi ile ya kufungiwa, wanacheka. Wanasimulia jinsi polisi walivyomfukuza mzee mmoja aliyejifunga leso ya mkewe mdomoni badala ya barakoa, na jinsi arusi ilivyofungwa mbele ya watu wachache huku ukoo mzima ukichungulia juu ya ukuta. Mimi sicheki. Wakianza, nachukua beseni langu naingia ndani, na nyuma yangu nawasikia wakisema nina kisirani. Na waseme. Katika nyumba yangu miezi ile ilikuwa ya mwanangu wa kiume, mtoto wa miaka mitatu, na kikohozi chake, na mimi niliyemfundisha asikitoe.

Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu somo lenyewe halikuanza na mimi.

Nilikuwa na miaka saba mji wetu wa Kindu ulipozingirwa. Ndani ya mji walikuwa askari wenye bunduki, msituni walikuwa wengine wenye bunduki, na sisi katikati tukawa maadui wa wote wawili. Ukivuka mto kwenda shambani upande wa Alunguli, askari wanasema umepeleka habari. Ukibaki nyumbani, utakula nini? Treni ilikuwa imeacha kuja. Chumvi tuliisahau. Mama hakutwanga tena sombe kwenye kinu, maana mlio wa mchi ulikuwa unawaambia askari kwamba nyumba ile ina chakula. Aliyasugua majani ya muhogo kwa viganja juu ya jiwe, polepole, hadi viganja vikawa kijani na visitakate tena kwa sabuni.

Nyuma ya jiko baba alichimba shimo, akalifunika kwa mbao, na juu ya mbao akamwaga majivu na maganda ya ndizi. Askari walipopita nyumba kwa nyumba kutafuta wanaume wa kuwabebea mizigo, na wanawake kwa shughuli zao nyingine, tuliingia humo sote watatu. Jirani zetu wa kiwanja cha pili walikuwa na shimo kama letu. Walikuwa na mtoto wa rika langu. Tulikuwa tukicheza naye kila siku. Basi siku moja, sisi tukiwa katika shimo letu na wao katika lao, mtoto yule akakohoa. Mara moja tu. Tulimsikia sisi, na askari wakamsikia. Waliwatoa mmoja mmoja. Nilisikia yote, na mimi ni mtu mwenye kumbukumbu nzuri, lakini hayo sitayaandika. Kiwanja kile kilikaa bila mtu hadi vita vilipokwisha.

Kesho yake asubuhi mama alianza kunifundisha.

Kikohozi, alisema, kinapanda kama mtu anayepanda ngazi, na kwenye kila kidato unaweza kumrudisha. Kwanza unabana ulimi juu kwenye paa la mdomo. Halafu unameza mate mara tatu. Kikizidi, unajifinya pale kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa nguvu, hadi uchungu wa mkono ushinde mwasho wa koo. Alipokwisha kueleza, akatupa pilipili kavu juu ya makaa, akafunga mlango wa jiko, akaniketisha ndani ya moshi ule. Nikakohoa. Akanipiga mgongoni kwa mwiko. Akaniketisha tena.

Baba alikuwa mlangoni. Akasema, "Weye utaua mutoto."

Mama akamjibu, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Ilichukua siku nyingi. Nilipoweza moshi, mama akaleta mtihani mbaya zaidi ya moshi. Aliketi karibu nami, akanipapasa kichwa, akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, "Basi, mwanangu, wamekwenda. Umechoka. Kohoa sasa, kohoa tu." Na mimi kwa furaha nikakohoa. Kofi lililofuata nalikumbuka hadi leo. Akaniambia kwamba adui mwenye akili haji na sauti mbaya. Akaniambia, hata ukisikia sauti yangu mimi inakubembeleza, usikohoe. Alirudia mtihani ule mara nyingi, kila mara kwa sauti tamu zaidi, na mimi nikajifunza kwamba mama akiwa mpole ndipo hatari ilipo.

Alikuwa na haki. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema waziwazi, nisije nikaonekana namlaumu mama yangu bure. Siku askari waliposimama juu ya mbao zetu, na majivu yakawa yanatuangukia machoni na puani, mmoja wao aliinama akasema kwa upole wa baba mzazi, "Toka, mutoto, usiogope. Kuko biskwiti." Nilikuwa na kikohozi kimefika hapa, kooni. Nilibana ulimi, nikameza, nikajifinya hadi damu ikatoka. Wakaondoka. Mama alinikumbatia ndani ya shimo lile, akaniambia mimi ni mtoto kuliko watoto wote wa mkoa wetu wa Maniema. Sijawahi kusifiwa hivyo tena na mtu yeyote, hata na mume wangu.

Vita vikaisha, treni ikarudi, baba akafa kitandani kwake kifo cha heshima. Nikasoma kidogo, nikaolewa, nikazaa msichana na, miaka mitatu baadaye, mvulana. Mume wangu alizoea kunitania kwamba nikipaliwa na chakula naondoka mkekani kimya, narudi na macho mekundu, kama mwizi. Nilikuwa nacheka naye. Sikuona kwamba ni ajabu.

Ugonjwa ulipokuja, tuliusikia kwanza redioni kama habari za wazungu. Kisha shule zikafungwa, misikiti na makanisa pia, kukusanyika kwenye kilio kukakatazwa, na tukaambiwa watu wakae majumbani, jambo ambalo wenyewe waliliita konfinema. Mume wangu alikuwa machimboni upande wa Pangi akabaki huko. Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, mama yangu ambaye watoto walimwita Koko, binti yangu wa miaka sita ambaye nitamwita Mkubwa, na yule mdogo. Mdogo alikuwa na jina la baba yangu, kwa hiyo mimi nilimwita baba, na Koko alimwita bwana yangu. Asubuhi Koko angemwambia, "Bwana yangu, leo unanipa nini nipike?" Naye angeinua mabega kama mwanamume aliyefukuzwa kazi.

Watoto walifungiwa katika vyumba viwili na ua. Mkubwa alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Alikuwa amejifunza herufi chache, na kwa wiki nzima alizichora ukutani kwa mkaa akimfundisha mdogo wake, kisha herufi zikamwishia akaanza kubuni nyingine. Waligombania tundu moja kwenye uzio wa mianzi, kila mmoja akitazama kwa zamu pikipiki zikipita. Walinawishana mikono mara mia kwa siku hadi nikaficha ndoo. Mdogo aliamini kabisa kwamba corona ni mwanamume mwenye buti nyeupe na mfuko mgongoni. Mchezo wao mkubwa ulikuwa huo: mmoja anakuwa Corona, anavaa viatu vya baba yao, anatembea ua mzima akigonga milango, na mwingine anajificha.

Mimi niliishi kwa maandazi. Niliyakaanga mbele ya mlango alfajiri, watu wakanunua wakienda kwenye shughuli zao. Hiyo ndiyo iliyotulisha, na mteja wa maandazi ana pua na masikio kuliko daktari. Mama mmoja wa mtaa wetu aliyeuza sombe iliyotwangwa, mtoto wake alikohoa mbele ya wanunuzi. Mafua tu, ya mvua. Siku hiyohiyo watu waligeuza njia. Kesho yake walikuja watu wa afya na mavazi meupe na buti nyeupe, wakapuliza dawa nyumba nzima, na mtaa wote ukasimama kutazama. Mdogo wangu, kwenye zamu yake ya tundu, aliwaona kwa macho yake. Aliingia chini ya kitanda, na ilikuwa kazi kumtoa. Yule mama hakuuza tena hata rundo moja. Alikula sombe yake mwenyewe hadi ilipochacha.

Jioni ile nikawaita watoto wangu jikoni, nikawaambia ya nyumba yasitoke nje. Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda. Nikamtazama, naye akanitazama. Akainuka mwenyewe akaleta pilipili.

Nilijiambia kwamba mimi nitakuwa mpole kuliko mama. Niliufanya mchezo. Aliyeshinda angepata andazi la kwanza, lile linalotoka kwenye mafuta bado linalia. Aliyekohoa asingepata kitu hadi mchana. Mkubwa alijifunza kwa siku mbili. Alikuwa wa damu yangu kabisa. Mdogo alilia. Alikohoa, akalia, akakohoa kwa sababu ya kulia. Siku ya tatu upole wangu ukaisha, nikampiga. Siku ya nne nikampiga tena. Alikuwa na miaka mitatu, na nilimwacha akae na njaa akimtazama dada yake akila. Ninayaandika haya kwa mkono wangu, na mkono wenyewe ndio uliompiga.

Mtihani wa sauti nilimpa wiki ya pili. Nilimpakata, nikampapasa, nikamwambia, "Basi, baba yangu, imekwisha. Kohoa tu." Akakohoa, akanitazama kwa uso wa furaha. Nikampiga kofi. Nilirudia kesho, na keshokutwa. Mara ya tano au ya sita, nilipombembeleza, alifunga mdomo, akatikisa kichwa, na machoni mwake nikaona kicheko: amenigundua. Nilimnyanyua juu nikamzungusha. Koko alipiga vigelegele. "Bwana yangu ni mwanamume!" Nilimpa maandazi mawili. Tangu siku hiyo alikuwa ananiwinda yeye. Kila nikiwa mpole kwake anafunga mdomo na kucheka kwa macho, akisubiri nishindwe.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi kama nyingine. Nilikuwa nje na karai langu na wateja watatu waliosimama mbalimbali kama tulivyoagizwa. Koko alikuwa msalani. Ndani, Mkubwa alikuwa anamenya karanga nilizomwachia kwa ajili ya mchuzi, na mdogo alikuwa Corona, ninasikia viatu vya baba yake vikiburuta sakafuni. Kisha nikasikia kishindo kidogo na mlio mmoja, mfupi, wa koo. Mteja mmoja, mwanamke mwenye mdomo, akainua kichwa.

"Nani ule iko nakohoa mule ndani?"

"Hakuna mutu," nikasema. "Ni mutoto ameangusha kiatu."

Tukasikiliza sote wanne. Ndani kimya. Kimya safi kabisa. Mwanamke akachukua maandazi yake akaenda, na mimi kifua kikanijaa sifa. Niliwaza: watoto wangu, hawa, hata askari wasingewapata.

Wateja walipokwisha nikaingia. Mdogo alikuwa ameketi sakafuni, uso umeiva, machozi na kamasi zinamtiririka, mdomo umefungwa. Mkubwa alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamfinya pale kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Amemeza, mama," akasema Mkubwa. "Hakukohoa hata kidogo."

Nikawapa wote wawili maandazi. Mdogo hakula lake. Nilidhani ni usingizi.

Siku mbili za kwanza alikuwa mtulivu tu. Siku ya tatu nikasikia kifua chake, upande mmoja, kikilia kila anapovuta pumzi kama bawaba isiyo na mafuta. Koko alimkanda kwa mawese ya moto na tangawizi, akamfukiza majani, akamwimbia. Siku ya tano homa ikapanda. Hakukohoa. Niliona kikohozi kikija. Niliona kikipanda kifuani, mabega yakiinuka, ulimi ukibana, mkono mmoja ukitafuta mwingine ujifinye, na macho yakinitazama yaone kama nimeona. Na mimi, Mungu anihukumu, nilikuwa natikisa kichwa kumwambia vizuri. Nilikuwa naogopa kwamba ni ule ugonjwa. Nilikuwa naogopa buti nyeupe kwenye ua wangu kuliko nilivyoogopa bawaba ile.

Wa afya walipita siku ya saba, wakasimama kwenye uzio na karatasi zao.

"Mama, kuko mutu anakohoa hapa?"

"Hapana, baba."

Na ulikuwa ukweli mtupu. Hakuna aliyekohoa. Waliandika, wakaenda.

Siku ya tisa, mchana, nilikuwa nachambua mchele na Mkubwa ananisaidia. Mdogo alikuwa amelala mgongoni mwa Koko, anapumua kwa mbavu. Mkubwa akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Mama, karanga ikibakia ndani ya mutu, itaota?"

"Karanga gani?"

Nikaona anabana ulimi. Hata maneno alikuwa anayameza kwa njia ileile.

"Karanga gani, mwanangu?"

"Ya mudogo. Alikuwa nayo mu mdomo, akaanguka, ikaenda ndani. Ilitaka kutoka. Nikamuambia, meza."

Nilitaka kumpiga, hilo nalisema wazi. Mkono uliinuka wenyewe. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo tisa, akanijibu kama mwanafunzi anayejua somo lake, "Ulisema ya nyumba isitoke. Na ulikuwa na wateja."

Nilimfunga mdogo mgongoni nikatoka mbio. Mkubwa tulimwacha kwa yule mama wa sombe. Ndiye peke yake aliyefungua mlango. Pikipiki ya kwanza, dereva alisikia pumzi ya mtoto akaondoa chombo chake kabla sijapanda. Ya pili vilevile. Nikatembea, na Koko nyuma yangu na kandambili zake, hadi hospitali.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mtu mzima, barakoa yake imechakaa kwa kufuliwa. Hakutuogopa. Alimsikiliza mtoto kifua upande mmoja, upande wa pili, akarudi wa kwanza. Nikamweleza karanga. Akavuta kiti akaketi mbele yangu, na mtu wa hospitali akiketi ili akueleze, ujue.

Akasema karanga imeingia kwenye njia ya pumzi, imevimba, na mapafu nyuma yake yanaoza. Akasema kuna chombo cha kuitoa, lakini Kindu hakipo. Kiko miji mikubwa, na ndege zimesimamishwa. Angempa dawa za kuzuia kuoza. Akasema, hata hivyo, njia moja imebaki, ameiona ikifanya kazi kwa macho yake: mtoto akikohoa kwa nguvu, kwa nguvu zake zote, huku amelazwa kichwa chini na kupigwa mgongoni, wakati mwingine karanga inatoka yenyewe.

"Mungu ametupa kikohozi kwa kazi hiyo," akasema. "Ule mutoto anakohoaka?"

Nikamvua mdogo shati.

Tulianza palepale. Muuguzi alimlaza mdogo juu ya mapaja yake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, kwa mpigo wa mtu anayejua. Kifua kikaitika. Nilikiona kikohozi kikiondoka chini, kikapanda, na kwenye koo kikafa. Akampiga tena. Kikapanda, kikafa.

"Anazuia," akasema muuguzi kwa mshangao. "Huyu mutoto anazuia. Mama, umuambie akohoe."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ili uso wangu uwe karibu na wake. Nikampapasa kichwa. Sikuwa na sauti nyingine isipokuwa ile ya upole. Sauti ya ukali nilijaribu baadaye, nayo ilimtisha tu, akazidi kukaza. "Baba yangu," nikasema, "basi. Imekwisha. Kohoa. Kohoa tu."

Alinitazama. Homa ilikuwa imemchimba macho, lakini nilikiona kicheko kile. Akafunga mdomo. Akatikisa kichwa.

"Si mchezo, baba. Mama anasema kweli. Kohoa."

Akatikisa kichwa.

Nikamwita Koko. Koko akaja, akashika mguu wake mdogo, akamwambia, "Bwana yangu, fanya vile mama yako anasema." Mtoto akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyezungukwa na wajanja, akabana ulimi.

Muuguzi akafuta jasho. "Mama, kohoa weye mbele. Aone vile wanafanyaka. Mutoto anaigaka."

Jambo dogo. Nilifungua mdomo ili nikohoe mbele ya mwanangu. Hakikutoka kitu. Nilisukuma pumzi, koo likafunga mlango. Nilijaribu tena nikatoa sauti kavu, "aha, aha," ya mtu anayeita kwenye nyumba ya watu, na mtoto akaniona ninavyodanganya. Nikamgeukia mama yangu. "Kohoa weye," nikamwambia. "Kohoa!" Alifungua mdomo wake wenye meno machache, mishipa ya shingo ikasimama. Alijifinya mkono bila kujua anajifinya. Akashindwa. Tulisimama pale wanawake wawili, midomo wazi juu ya mtoto anayekufa, na hakuna kati yetu aliyejua tena kukohoa. Aliyekohoa ni muuguzi. Alishusha barakoa yake, akakohoa vizuri, kwa nguvu, mara tatu. Mdogo akamtazama kwa huruma. Huyo alikuwa ameshindwa.

Nikamwambia mama yangu, mbele ya yule muuguzi, neno ambalo mtoto hamwambii mzazi. Nikamuuliza kwa nini vita vilipokwisha hakuniambia kwamba vimekwisha.

"Miye nilikufundisha ili uishi," akasema. Kisha, "Na miye nani aliniambia?"

Tulijaribu siku mbili. Walimfukiza, walimpiga mgongoni asubuhi na mchana, nilimwomba, nililia mbele yake, nilimwahidi beseni zima la maandazi. Ahadi ile ndiyo iliyomthibitishia kwamba ni mtihani. Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, kikohozi kilipanda mara ya mwisho, mabega yakainuka, mkono ukatafuta mkono. Hakikutoka. Alinitazama aone kama nimeona. Kisha hakunitazama tena.

Alizikwa na watu watano, maana amri ilikuwa hiyo. Mtaa ulisema ni corona, na yule mteja mwenye mdomo akaja hadi kwenye uzio wangu kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mume wangu aliniuliza kwenye simu mtoto amekufa kwa nini. Nikasema kikohozi. Alirudi baada ya miezi, na hadi leo hajui zaidi ya hilo. Akisoma hapa atajua.

Mkubwa sasa anasoma madarasa ya juu ya shule ya msingi. Anajua kuandika kuliko mimi. Sijampa kusoma haya, ila siku moja nitampa, kwa sababu kuna jambo moja tu la siku zile ambalo hajanisamehe, na ana haki.

Siku ile ya mazishi nilikwenda kumchukua kwa mama wa sombe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alinikimbilia mlangoni, akatazama nyuma yangu kama mdogo wake yuko, kisha akaniuliza kwa kunong'ona, kwa sababu ya watu, "Alikohoa?"

"Hapana," nikasema.

"Hata kule kwa waganga wa hospitali? Hata walimubembeleza?"

"Hata walimbembeleza."

Uso wake ukafunguka. Akaruka, akapiga makofi, akawa anaimba jina la mdogo wake akizunguka ua wa watu kwamba ameshinda, ameshinda. Nilimwacha azunguke hadi alipochoka, kisha nikamwambia.